Mzee hataki kompyuta? Usimwite mkaidi kabla hajapimwa macho



Leo safu yetu ya afya na usafi inaingia katika jambo ambalo wengi hatulihesabu kuwa ni la kiafya, nalo ni wazee wetu na kompyuta. Nyumba nyingi siku hizi zina mzee ambaye vijana wanamlalamikia. Kaletewa kompyuta, kawashiwa, kaelekezwa mara tatu, na bado hataki. Vijana husema mzee mkaidi. Mzee naye husema mambo hayo ni ya watoto. Mjadala unaishia hapo, kompyuta inafunikwa kitambaa.

Kabla hujaufunga mjadala huo nyumbani kwako, nakuomba usome yaliyotokea nyumbani kwetu. Nayasimulia kwa aibu, kwani mimi ni tabibu kwa kazi yangu, na nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Ami aliyepotelewa na kishale

Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Tulipokuwa wadogo, tukitoka madrasa tulikuwa tunapita dirishani kwake kumsikiliza akipiga taipureta. Vidole vyote kumi vinafanya kazi, macho yako kwenye karatasi anayonakili, wala haangalii herufi. Mtu wa namna hiyo ukimwekea kibodi mbele yake, unatarajia awafundishe wengine.

Mwaka 2021 binti yake anayeishi Uingereza alimletea kompyuta mpakato ili wawe wanaonana na kuzungumza na wajukuu. Wiki ya kwanza alifurahi sana. Kuandika hakukumpa taabu hata kidogo. Taabu ilikuwa kishale, kile kimshale kinachotembea kwenye kioo unaposogeza kipanya. Kila mara aliuliza, "Kimekwenda wapi?" Mjukuu anamwonyesha, "Babu, si hicho hapo pembeni!" Anakiona, anakisogeza, kinampotea tena. Wiki ya tatu watoto wakampa jina la utani, Babu Kishale. Wiki ya nne akasema hana haja na kompyuta, akarudi kwenye redio yake.

Nilipokwenda kumjulia hali nikasimuliwa habari hiyo, nikacheka pamoja na watoto. Nikamwambia, "Ami, wewe na taipureta yako!" Akatabasamu, hakujibu.

Ikapita kiasi cha miezi mitano. Siku moja nilikuwa kwake baada ya Magharibi, akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha kahawa kilichokuwa upande wake wa kushoto, akakigonga kikamwagika. Mama mdogo akasema, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kwamba siku hizi ndivyo alivyo, anagonga vitu, na Ishaa haendi tena msikitini kwa sababu amejikwaa ngazini mara mbili. Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kishale.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Akakutwa na presha ya macho, yaani glaukoma, katika macho yote mawili. La kushoto lilibakiwa na sehemu ndogo tu ya kuonea katikati, la kulia lilikuwa na afadhali. Daktari akatueleza kuwa kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitalindwa kwa dawa. Kumbe kishale kilikuwa kinaingia katika sehemu ya kioo ambayo macho yake hayaioni tena. Kompyuta ilimpima kabla yetu, nasi tukayacheka majibu yake.

Kwa nini chombo hiki ni kigeni kwao

Ndugu msomaji, yapo mambo mawili tunayoyachanganya, ugeni na maradhi. Tuanze na ugeni.

Wapo vijana wanaodhani wazee wetu walikuwa na kompyuta jirani nao wakazikataa. Sivyo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye. Televisheni yenyewe, Zanzibar waliipata mwaka 1973, bara tukasubiri mpaka 1994. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 leo alikuwa mtu mzima mwenye miaka zaidi ya 40 televisheni ilipoanza huku bara. Wewe ulizaliwa ukakuta vioo vinavyowaka kila upande. Yeye ameletewa akiwa amekwishakuota mvi.

Hata hivyo, asijione kuwa kompyuta ni mali ya watoto. Kipanya kilionyeshwa hadharani na Douglas Engelbart huko San Francisco, Marekani, mwaka 1968, naye alizaliwa mwaka 1925. Mpangilio wa herufi za kibodi umetokana na taipureta za Marekani za miaka ya 1870. Waliovibuni vitu hivi ni rika la babu zetu na walio wakubwa kuliko wao. Mwambie mzee wako habari hii, inampa moyo.

Ugeni dawa yake ni mazoea. Maradhi dawa yake ni hospitali. Makosa yetu ni kuyaita yote mawili ukaidi.

Macho kwanza

Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kuwa ngumu, na mtu hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Utamwona anaisogeza barua mbali na uso. Hili humpata kila mtu, na miwani ya kusomea hulitatua.

Tatizo ni kwamba miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa kitabu, kiasi cha sentimita 40 kutoka machoni, na kompyuta kwa kawaida hukaa sentimita 50 hadi 70. Mzee akivaa miwani ya kitabu anaona ukungu, akiivua anaona ukungu pia. Akiwa na miwani ya vioo viwili, ya mbali juu na ya karibu chini, huinua kidevu ili asome kwa kioo cha chini, na baada ya nusu saa shingo inamuuma. Atakachokwambia ni kwamba kompyuta inamuumiza kichwa, nawe utasema anatafuta sababu. Chukua kamba, pima umbali kutoka kwenye pua yake hadi kwenye kioo cha kompyuta akiwa amekaa vizuri, nenda naye na kipimo hicho kwa mtaalamu wa miwani. Mara nyingi atahitaji miwani yenye nguvu pungufu kuliko ile ya kusomea.

Mtoto wa jicho ni lenzi kufanya ukungu. Mwenye nao hulalamika kuwa mwanga unamtia kiwi, rangi zimefifia, na kioo kinachowaka kinamchoma macho. Huyu atakaa mbali na kompyuta kwa sababu inamtesa. Tiba yake ni upasuaji wa kuondoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia. Wapo wanaoogopa wakidhani ni jambo jipya, ilhali tabibu Ammar bin Ali al-Mausili, aliyefanya kazi Misri miaka 1000 hivi iliyopita, alieleza namna ya kumfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Leo upasuaji huu hufanyika katika hospitali zetu, zikiwemo CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi.

Glaukoma ndiyo iliyomsibu ami yangu. Aina yake iliyo ya kawaida haina maumivu wala wekundu. Huua mshipa wa fahamu wa jicho taratibu, na huanza kula uono wa pembeni, kwa hiyo mgonjwa anasoma vizuri kilicho mbele yake na hajui kuwa anaibiwa. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi kuliko wengine wengi, na ukiwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye nayo, hatari yako huongezeka. Ikibainika mapema, matone ya kila siku huizuia isiendelee. Hivyo basi, kila aliyefika miaka 40 apimwe presha ya macho, na katika familia yenye mgonjwa wapimwe wote.

Aidha, tuache kununua matone ya macho kiholela katika maduka ya dawa. Baadhi yana dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi hupandisha presha ya jicho lenyewe.

Mwenye kisukari naye ana hesabu yake. Sukari inapopanda na kushuka, uono hubadilika, leo anaona, kesho haoni. Asikimbilie kununua miwani kabla sukari haijatulia, na achunguzwe ndani ya macho kila mwaka, hata kama halalamiki.

Kipo kipimo kidogo unachoweza kufanya nyumbani. Kaa mkabala na mzee, umbali wa kiasi cha mita moja. Mwambie afunike jicho moja, nawe funika lako linaloelekeana nalo. Akiwa anakutazama puani bila kugeuza macho, lete kidole chako taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati, na akwambie anapokiona. Ikiwa wewe unakiona mapema na yeye anakiona kimeshafika katikati, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Lakini akikiona vizuri, usitosheke, kwa sababu kipimo hiki hakigundui glaukoma changa.

Mikono, masikio na kumbukumbu

Kubofya mara mbili kwa haraka ni kazi ngumu kwa vidole vyenye baridi yabisi au mkono unaotetemeka. Kipanya husogea katikati ya mibofyo miwili na kompyuta haitii. Kwenye mipangilio ya kompyuta unaweza kupunguza kasi ya kubofya, kukifanya kishale kiende polepole, na kukikuza kiwe kikubwa. Anaweza pia kubofya mara moja kisha akabonyeza kitufe cha Enter. Kwa kompyuta mpakato mnunulie kipanya cha nje, maana kile kibao cha kupapasa kinawasumbua wengi. Kuhusu vioo vya kugusa, ngozi ya mzee huwa kavu na yenye sugu, na kioo wakati mwingine hakiutambui mguso wake. Wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020, waliofanya kazi za jembe na saruji ni miongoni mwa waliopata taabu mashine kuzisoma alama zao. Anawe mikono, apake mafuta kidogo, ajifute, kisha ajaribu tena.

Mkono unaotetemeka ukiwa umetulia mapajani, huku mzee akitembea kwa hatua fupi za kuburuta, unahitaji daktari. Usiuhesabu kuwa ni uzee tu.

Kwa upande wa masikio, umri huanza kuchukua sauti nyembamba, nazo ndizo sauti za wanawake na watoto. Mzee anaitwa azungumze na wajukuu, anasikia mvumo asioelewa maneno yake, anaona haya kuuliza mara kwa mara, anasema "mzungumzeni ninyi". Mpeleke kliniki aangaliwe kama masikio yamezibwa na nta, wala usimchokoe kwa njiti. Kisha mpe visikilizio vya kuvaa masikioni.

Ama kuhusu kumbukumbu, mtu mzima hujifunza jambo jipya polepole kuliko kijana, lakini hujifunza. Hilo si ugonjwa. Dalili ya kuogopa ni pale mzee aliyekuwa akiweza kutumia simu au kompyuta vizuri anapoanza kupotea katika hatua alizozizoea, anauliza swali lile lile mara nne kwa saa moja, au anapotea njia ya nyumbani. Huyo achunguzwe. Na ikitokea ghafla mkono umelegea, mdomo umepinda au maneno hayatoki, hicho ni kiharusi. Kila dakika ina thamani, mkimbize hospitali.

Namna ya kumfundisha

Ukishahakikisha mwili wake uko tayari, linabaki suala la adabu. Aya ya 23 ya Suratul Israa inatukataza hata kutamka neno dogo la kuchoshwa na wazazi wetu. Sasa jiulize, ulipokuwa unamwelekeza mzazi wako kompyuta, ulipumua vipi alipouliza mara ya tatu?

Waliosoma madrasa wanakumbuka. Mwalimu hakutupa juzuu siku ya kwanza. Alituandikia alifu ubaoni, tukaisoma mpaka ikakaa, ndipo ikaja be. Mfundishe mzee wako hivyo hivyo.

Kwanza, muulize yeye anataka nini. Pengine hataki barua pepe, anataka kumwona mwanawe, au kusoma Msahafu kwa herufi kubwa baada ya Alfajiri. Anza na hilo alilolitaka.

Pili, kaa ubavuni kwake, na mkono wake ndio ushike kipanya. Ukimnyang'anya ili "umfanyie haraka", umemfundisha kuwa hawezi.

Tatu, somo liwe la dakika 20, wakati ambao hajachoka, kwa mfano baada ya Alasiri. Hatua zile zile, kwa mpangilio ule ule, wala usimhamishie vitu kwenye kioo.

Nne, mwandikie hatua hizo kwenye daftari kwa herufi kubwa. Wapo wazee wa pwani wanaosoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa wepesi kuliko za Kilatini. Mwandikie kwa hizo.

Tano, usimfundishe mbele ya watoto wanaocheka. Mzee akichekwa mara moja, hatauliza tena, na asipouliza hatutajua kinachomsumbua.

Afya na usafi mezani

Kioo kikae chini kidogo ya usawa wa macho, dirisha liwe ubavuni ili mwanga usimulike kioo. Ukuze maandishi, katika kurasa za intaneti bonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha. Mtu akitazama kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, nayo hukauka na kuwasha. Kila dakika 20 atazame mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20, na apepese. Kila nusu saa asimame atembee, miguu isivimbe.

Kibodi inayoshikwa na watu wengi hubeba uchafu wa mikono yao wote. Zima kompyuta, ipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kugusa macho, hasa kwa anayetumia matone.

Hadhari na matapeli

Mzee aliyejua kutumia chombo ajue pia kujilinda. Asimpe mtu namba yake ya siri, hata anayejitambulisha kuwa ni wa benki au wa mtandao wa simu. Ujumbe unaosema pesa itumwe kwenye namba hii, asiujibu kabla hajapiga simu na kusikia sauti anayoijua. Nasi vijana tujichunge. Kumsaidia mzee katika mambo ya pensheni yake hakutupi ruhusa ya kuigusa. Afanyiwe akiwapo, akijua, na akiridhia.

Na kama macho yamepimwa, masikio yamepimwa, amefundishwa kwa upole, na bado akasema hataki, basi mwache. Kompyuta si faradhi. Msomee barua zake na umpigie simu za wajukuu, naye abaki na heshima yake.

Ami yangu hadi leo anaweka matone yake kila siku bila kukosa. Jicho la kulia limesimama pale pale lilipokuwa. Kishale chake tumekikuza na kukipaka rangi ya manjano, na kila kitu anachokihitaji tumekiweka katikati ya kioo. Jumapili jioni huzungumza na binti yake. Ishaa huenda msikitini akiwa ameshikwa mkono na mjukuu yule yule aliyempa jina la Babu Kishale. Mimi nilimwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, hata mimi sikujua."

Ndugu msomaji, wiki hii mtazame mzee wako. Muulize anaona nini. Kisha nyamaza umsikilize.

Wabillahi tawfiiq.